Zizi la Farasi Lililouza Magauni ya Harusi

Mkojo wa farasi hauna haraka. Watoto wangu, kama mnataka kufanya kazi ya mbao katika mji huu wa Brussels, anzieni hapo. Farasi amekufa zamani, aliyemfuga amekufa, aliyerithi naye amekufa, lakini mkojo wake bado uko chini ya sakafu, na kidogo kidogo unapanda ndani ya nguzo jinsi mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Juu nguzo ni nzuri, ngumu, unaweza hata kupiga nayo picha. Ichome bisibisi pale chini, uone itakavyozama mpaka kwenye mpini.

Mimi ni Maman Faida wa Schaerbeek. Wengi wenu mnaniona kanisani, nakaa mstari wa nyuma kwa ajili ya goti. Mmeniomba niseme juu ya kazi, kwa kuwa baadhi yenu mmeanza kujifunza useremala, na wengine mnautaka lakini nyumbani wanawaambia mtafute ofisi. Nitawaeleza juu ya jengo moja tu. Kabla ya jengo hilo nilikuwa mtu mwenye nyundo. Baada yake nikawa seremala.

Nilifika huku kutoka Bukavu katika ile miaka ya tisini, vita vilipotutawanya, na kazi ya kwanza niliyopata ni kusafisha ofisi upande wa Schuman, mtaa wa majengo ya Umoja wa Ulaya. Sikuidharau. Lakini Bukavu kaka yangu alikuwa na karakana ya vitanda na milango, na mimi nilipiga randa miaka mingi, mikono ilikuwa imezoea. Siku moja nilikuwa napangusa meza ya mkutano, meza kubwa ya kukaa mawaziri, nikajikuta nimepiga magoti chini yake kuangalia ilivyoungwa. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia naangalia tu. Kulikuwa na skrubu na gundi, basi, hakuna kingine. Nilisimama nikiwa na hasira kama mtu aliyepikiwa wali mbichi. Wiki hiyohiyo nikajiandikisha kwenye mafunzo ya ujenzi, yale ya watu wanaotafuta kazi. Wanaume walinikaribisha kwa kuniuliza kama nimekuja kupika.

Aliyenichukua kazini baada ya mafunzo ni fundi mmoja, Jef. Alikuwa mtu wa Brussels hasa, mfupi, shingo nene, masharubu yamegeuka njano kwa tumbaku. Siku ya kwanza alinipa patasi butu na jiwe la kunolea, akaenda zake. Aliporudi aliichukua ile patasi, akakunja mkono wa shati, akajinyoa nayo malaika ya mkononi. Akasema, "Bon." Kwa Jef hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Alinifundisha kusikia kabla ya kuona. Nguzo ya zamani haiangaliwi, inagongwa: juu, katikati, chini. Sauti ikibadilika, kazi yako iko hapo. Alinifundisha kwamba mwaloni na chuma haviishi pamoja kwa amani. Mti ule una ukali wake, unaula msumari, na msumari nao unauachia mti weusi. Ndiyo maana wazee wa zamani walifunga viungo vyao kwa vigingi vya mti. Na kuna ujanja mdogo hapo ambao hamtauona kwenye mashine. Tundu la kigingi kwenye ulimi wa boriti, ile ncha inayoingia ndani ya nguzo, halitobolewi sawasawa na tundu la nguzo, linasogezwa kidogo, unene wa kucha, ili kigingi kikipigwa kiuvute ulimi ndani. Kiungo kinajibana chenyewe. Ismail, mwenzetu Mturuki, alitoboa yake sawasawa kabisa, akajisifu kwa usahihi, na kiungo chake kikacheza kama jino la babu. Jef alikitikisa mbele yake. Ismail akaenda kutuchemshia chai.

Sasa jengo lenyewe. Liko hapahapa Schaerbeek, nyuma ya safu ya nyumba. Unapita chini ya lango pana la magari ya farasi, unatokea uani, na mbele yako ni zizi refu: mifupa ya mwaloni, na katikati ya miti wamejaza matofali. Farasi walikaa chini, wale wakubwa wa kuvuta mapipa ya bia. Juu ilikuwa nyasi kavu. Ukingo wa hori walimolia chakula ulikuwa umegugunwa, alama za meno bado zilikuwepo, na mahali walipozoea kujikuna nguzo ilikuwa inang'aa kuliko sakafu ya kanisa.

Mwenye jengo aliona parking tu, mahali pa kuegesha magari. Watu wa majengo ya kale walikuwa wamemwambia: tengeneza, pangisha. Lakini likionekana halifai kwa biashara yoyote, hapo unaweza kuomba ruhusa ya kubomoa. Kwa hiyo yule bwana alikuwa anangoja jambo moja, mpangaji ashindwe. Na mpangaji alikuwa Maman Béatrice.

Maman Béatrice alitoka Lubumbashi. Alikuwa akiuza magauni ya harusi sebuleni kwake, ghorofa ya juu bila lifti. Mabibi harusi wa Kikongo na wa Kituruki walijaribia magauni jikoni, na kila gauni lililoshuka zile ngazi lilipukuta shanga. Alitaka duka lenye mlango wa kweli na kioo cha kujitazama mzima. Alilipenda lile zizi mara moja. Alisema lina kifua cha kanisa.

Shida yake ilikuwa boriti moja. Kwenye jengo la namna ile kuna boriti zinazovuka kutoka ukuta mpaka ukuta, kazi yake ni kuzizuia kuta zisifunguke nje kwa uzito wa paa. Ya katikati ilipita chini mno. Farasi huinamisha kichwa, halafu basi.

"Maman Faida," akaniambia, mkono kiunoni, "hii muti inapita hapa mu kati. Mariée atapita namna gani na coiffure yake, nywele yote ile ya arusi? Ataingia ameinama sawa kuku?"

"Ile muti njo inashika nyumba, maman. Tukiikata, ukuta huu unaenda huku, ule unaenda kule."

"Bon, basi mukate kidogo tu."

Watoto wangu, hakuna kukata kidogo. Upande wa pili wa zizi mtu wa zamani alikuwa amekata kidogo, apitishe nyasi zake, na ukuta ule ulikuwa umetoka nje kama tumbo la mnywaji. Jef alimpeleka Maman Béatrice akamwonyesha. Akatazama, lakini sikuona kama amekubali.

Ndipo mvua ikanyesha siku kadhaa, na sisi tukawasha mashine ya joto ili tukaushe mahali pa kazi. Mnakumbuka nilichowaambia juu ya mkojo. Joto lilipoingia kwenye ile sakafu ya matofali, farasi wote wa zamani walirudi. Harufu ilipanda ikachoma macho. Na siku hiyohiyo Maman Béatrice alikuwa ameleta gauni lake zuri kuliko yote, amelitundika kwenye ile boriti aone linavyokaa kwenye mwanga. Alipolishusha jioni akaliweka puani. Sitasahau uso wake.

Kesho yake mwenye jengo alikuja, sijui nani alimwambia. Alikuwa na koti safi na sauti ya upole. Tulisimama wote: yeye, Maman Béatrice, Jef, mimi, Ismail, na architecte wetu, yaani msanifu wa jengo, mama kijana mwenye buti za matope ambaye hakuwahi kukosa kupanda ngazi kuangalia mwenyewe.

"Mnaona," mwenye jengo akasema. "Paa la chini, harufu, unyevu. Siyo kosa la mtu. Madame atafute mahali pazuri zaidi, na mimi nitaomba ruhusa yangu."

Maman Béatrice akamgeukia Jef kwa Kifaransa. "Piga saruji hapa chini. Saruji itafunika harufu."

Jef akatikisa kichwa. "Saruji itafunga unyevu. Usipopanda hapa katikati utakimbilia kwenye nguzo, na miguu ya nguzo imeshaoza."

"Boriti hamukate, saruji hamupige." Maman Béatrice alikuwa amerudi kwenye Kiswahili chake, ameanza kulia bila kutoa sauti, na kulia kulimkasirisha zaidi. Alikanyaga yale matofali kwa kisigino. "Donc, kama juu haipande, si chini ishuke? Mutoe huu uchafu wote!"

Nilimtafsiria Jef kwa Kifaransa, kama mtu anayetafsiri hasira tu. Nilipofika katikati ya sentensi nikasikia nilichokuwa nasema. Jef alikuwa ameshatoa sigara mdomoni. Architecte alikuwa amechuchumaa, anang'oa tofali moja kwa bisibisi.

Ilikuwa hivyo, rahisi hivyo. Udongo ule wenye sumu ya mkojo ulipaswa kuondolewa hata hivyo. Miguu ya nguzo ilipaswa kukatwa na kuwekwa mipya hata hivyo. Tukichimba, harufu inaondoka, na bibi harusi anapata nafasi ya nywele zake. Sisi wote tulikuwa tunatazama juu. Aliyetazama chini ni muuza magauni.

Architecte alitupunguzia furaha kidogo, na alikuwa na haki. Alichimba shimo la kujaribia, akakuta msingi wa kuta hauendi chini sana. "Katikati mnaweza kushuka," akasema. "Pembeni hamgusi. Mtaacha ukingo wa udongo kuzunguka kuta zote, kama benchi, tutaufunika kwa jiwe." Nilimweleza Maman Béatrice nikidhani atalalamika. Akafikiri kidogo, akafuta macho.

"Pale batakaa ba belle-mère," akasema, yaani kina mama wakwe.

Tulichimba. Kila toroli lililotoka lilinuka. Halafu, kabla hatujagusa nguzo hata moja, Jef alishika kifua akakaa chini kwenye ngazi. Alisema amechoka. Jef hakuwa mtu wa kusema amechoka. Ismail akakimbia kuita ambulansi.

Nilikwenda kumwona kule Jette, kwenye hospitali kubwa. Kitandani alionekana mdogo, masharubu yamechanwa na muuguzi vizuri mno. Nilikuwa nimeandaa maswali njia nzima kwenye tramu: jeki niziweke wapi, nianze na nguzo ipi, nikisikia hivi nifanye nini. Nilipofungua mdomo akainua kidole.

"Madame Faida, umekuja kuniona mimi au umekuja kuona nguzo?"

"Nimekuja kukuona wewe."

"Basi niambie kwenu mnapika nini leo, maana huku hawatii chumvi."

Tukaongea juu ya chumvi. Nilipoinuka kuondoka akanishika kiganja, akakigeuza, akatazama sugu za mkononi. "Unajua kazi," akasema. "Ungekuwa hujui, ningekuambia."

Mwenye jengo alikuwa ananingoja uani. Bila fundi mkuu, alisema, haiwezekani, itabidi alete kampuni ya watu wa vyuma, nao watatoa mifupa yote. Nikamwambia fundi mkuu yupo.

"Nani?"

"Mimi."

Alimtazama architecte. Architecte akasema mpango wa kuegemeza ni wake, ameukagua, na anayeinua ni mimi. Yule bwana akasema sawa, lakini atakuja kutazama.

Namna ya kuinua jengo ni hii, shikeni vizuri. Kwanza unaliegemeza kila mahali linapoweza kukimbilia. Halafu jeki zinakaa chini ya boriti, siyo chini ya ubao uliooza, na chini ya jeki kuna mbao pana ili zisizame. Halafu unainua kidogo, kidogo kuliko unavyotaka, na unaacha. Jengo lililokaa vibaya miaka yote hiyo linahitaji muda wa kukubali. Mti ukilalamika polepole, mlio mrefu kama mlango wa zamani, msiogope. Na simu, redio, mazungumzo, vyote vinazimwa. Nilimwahidi Ismail kwamba yule atakayepiga mluzi nitamtoa nje mwenyewe. Aliyekuwa na tabia ya kupiga mluzi ni Ismail.

Asubuhi ile Ismail alishika jeki moja, mimi nyingine. Mwenye jengo alisimama mlangoni na koti lake. Maman Béatrice alikaa uani juu ya ndoo iliyogeuzwa, rozari mkononi. Tukainua, tukangoja. Tukainua. Nguzo za kwanza zilitii, ukaona mwanga ukipita chini ya miguu yao.

Tulipofika kwenye nguzo ya pembeni, kitu kikapasuka juu yetu. Ulikuwa mlio mfupi, mkavu. Vumbi likashuka. Matofali mawili yalitoka ukutani yakaanguka karibu na mguu wa Ismail, naye akaruka nyuma.

"Abla," akasema. Hivyo ndivyo Waturuki wanavyomwita dada mkubwa, na hakuwahi kuniita hivyo kabla. "Abla, tuondoke."

"Shusha," nikasema. "Polepole. Kama ulivyopandisha."

Tukashusha. Mwenye jengo akasema kutoka mlangoni, hata hakupaza sauti, "Inatosha, madame. Imekwisha."

Nilikuwa natazama juu. Kigingi cha juu kilikuwa kimekatika, na kigingi hakikatiki bila sababu. Boriti ilikuwa imepanda na nguzo ilikuwa imekataa. Kwa nini ikatae? Nyingine zote zimekubali. Kuna kitu kilikuwa kinaishika. Nikaanza kugonga, juu, katikati, chini. Usawa wa kifua changu sauti ikabadilika, lakini haikuwa sauti ya kuoza. Ilikuwa ya kitu kigumu.

Nikachukua patasi nikakwangua lipu. Chini yake kulikuwa na kisiki cha chuma, kinene kama kidole gumba. Kilikuwa kimeshika kutu kama kilivyotaka. Pete ya kufungia farasi! Pete yenyewe walishaikata zamani, wakapaka lipu juu, lakini mkia wake ulikuwa umepita katikati ya nguzo mpaka ndani ya ukuta. Tulikuwa tunajaribu kuinua nguzo pamoja na ukuta mzima.

Ismail alisogea akatazama. Kisha alienda kuchukua msumeno wa chuma bila kuambiwa.

Ilikuwa kazi ya kuchosha, nafasi ya kusukuma msumeno ilikuwa finyu, tulipokezana. Mwenye jengo hakuondoka. Nadhani mwishoni hata yeye alitaka kujua. Chuma kilipokatika tuliweka kigingi cha muda juu, tukarudi kwenye jeki. Nikamtazama Ismail, akaitikia kwa kichwa kwamba yuko tayari. Tukainua kidogo.

Nguzo ikapanda. Ilipanda bila kelele, na sehemu yake ya chini iliyooza ikabaki palepale sakafuni, ikamwagika kama unga wa kahawa.

Maman Béatrice alichungulia. "Imekubali?"

"Imekubali."

Akarudi kwenye ndoo yake kumalizia rozari, alisema hawezi kuikatiza katikati.

Yaliyofuata ni kazi tu, kazi nzuri. Tulikata mti mbovu mpaka tukafika kwenye mti mzima. Tuliunga miguu mipya ya mwaloni kwa kiungo kirefu chenye meno, mti ndani ya mti, vigingi vya kuvuta. Kila mguu tuliuweka juu ya jiwe la buluu, usiguse udongo tena. Ule ukuta wenye tumbo tuliurudisha ndani kadiri ulivyotaka kurudi. Chini tulimwaga kokoto na chokaa, pawe na mahali pa kupumua. Kwenye jengo la zamani acheni pumzi. Mkilifunga kila mahali mtalizika.

Duka lilifunguliwa kiangazi. Magauni yalitundikwa pale palipokuwa na farasi, hori tuliliacha likawa mahali pa kuweka viatu, na kwenye ukingo wa mawe kuzunguka kuta walikaa kina mama wakwe kama ilivyotabiriwa, mikoba magotini, wakikataa gauni baada ya gauni. Mabibi harusi walipita chini ya boriti wamenyoosha shingo.

Siku moja mchana Jef alikuja. Alikuwa amekonda, mke wake amemshika mkono. Sikumwona alipoingia. Nilikuwa nyuma narekebisha mlango wa chumba cha kujaribia. Niliposikia kugongwa nikajua: juu, katikati, chini. Alikuwa anazunguka duka zima, nguzo moja baada ya nyingine, katikati ya zile shela na kina mama. Hakuna aliyethubutu kumwuliza anafanya nini. Kwenye nguzo ya pembeni alipitisha kidole juu ya kiungo, akatafuta ufa, hakuupata.

Mama mmoja wa Kikongo, nadhifu, aliyekuja na binti yake, alimtazama yule mzee wa Kizungu akadhani ameelewa.

"Papa," akasema kwa heshima, "ni wewe ulitengeneza hapa?"

Jef aliinua macho, akaifuata boriti kutoka ukuta mpaka ukuta.

"Mimi nilikuwa hospitali," akasema. "Seremala ni madame."

Yule mama akanigeukia, akanitazama na ovaroli yangu na vumbi langu. Nadhani alitaka kuniuliza kama ni kweli. Sikumpa nafasi. Nilimwambia ni mimi, na kama ana swali juu ya mbao aniulize.

Jef aliomba kukaa. Akakaa kwenye ukingo, katikati ya kina mama wakwe wawili waliomsogelea kumpa nafasi. Akaniita karibu. Alisema daktari amemkataza ngazi, jeki, na tumbaku, na kati ya hivyo vitatu atajaribu kutii viwili. Alisema kule Jette kuna ghala la zamani, paa limelala upande, wenyewe walikuwa wanamngoja yeye.

"Nimewaambia wasiningoje," akasema. "Nimewapa jina lako."

Jumatatu nilikwenda. Ismail alibeba jeki.